Kiti cha Kustaafia

"Kona!"

Mama Kijacho akashika ncha zake mbili, Bi Kona akashika zake, shuka likanyooka kati yao. Wakalipiga hewani mara moja kulitoa makunyanzi, wakalikunja, wakasogeleana kukabidhiana ncha, wakaachana, wakasogeleana tena. Shuka la kufunika mtu mzima likawa kitu cha kubebwa kwapani. Likatua juu ya rundo.

"Kona!"

Na lingine.

Wito huo ndio uliompa Bi Kona jina. Tangu alipoingia kwenye chumba cha mashuka cha hospitali kuu, msichana mwembamba aliyekuwa akiogopa hata mlio wa mashine ya pasi, mpaka siku waliyomuaga kwa soda na hotuba, alikuwa akiita "kona" ili mwenzake ajue wakati wa kushika ncha umefika. Wauguzi wakalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Hata kwenye hotuba ya kumuaga, Katibu wa hospitali alimwita Bi Kona, na watu wakapiga vigelegele.

Sasa alikuwa amerudi. Aliondoka mwaka jana akiwa mtumishi, akarudi mwaka huu akiwa kibarua wa kampuni. Chumba kilekile. Mashuka yaleyale, mengine yana viraka alivyovitia kwa mkono wake. Mshahara ndio uliokuwa umekatwa vipande kama shuka bovu linavyogeuzwa matambara ya kupangusia. Na mabenchi hayakuwepo.

Zamani kulikuwa na mabenchi mawili marefu ukutani. Mashuka makubwa yalikunjwa kwa kusimama, hakuna njia nyingine, lakini foronya, taulo na vitambaa vya chumba cha upasuaji vilikunjwa watu wamekaa, mdomo ukizungumza na mikono ikifanya kazi. Kampuni ilipopewa zabuni ya kufua, kabla haijanunua hata sabuni, iliyaondoa mabenchi. Mahali pake ukutani ikabandika karatasi ya maandishi makubwa: HAKUNA KUKAA WAKATI WA KAZI. Na ili karatasi isiwe ya mapambo tu, ikamleta msimamizi.

Msimamizi alikuwa kijana wa viatu vilivyochongoka, na simu yake haikukaa mfukoni. Kila alichokiona alikipiga picha na kuituma ofisini. Toroli limeachwa mlangoni, picha. Mtu amekunja foronya nje ndani, picha. Wafanyakazi walimwita Kamera, na yeye akadhani wanamsifu.

"Shikamoo, bibi," alisema asubuhi hiyo akiingia.

"Marahaba."

"Usiegemee meza, bibi. Kuegemea na kukaa ni ndugu."

Bi Kona akaiondoa nyonga yake mezani. Goti la kushoto likamlalamikia, naye akalinyamazisha kwa kulitwisha uzito goti la kulia, ambalo nalo halikuwa na nafuu.

"Sikilizeni wote," Kamera akapaza sauti. "Leo tuna wageni wakubwa, wanakuja na Katibu. Nataka pang'ae. Na mjue mwisho wa wiki kampuni inapunguza watu. Sitaki lawama. Atakayeonekana amekaa, kazi yake imeisha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi," wakajibu.

Mama Kijacho, binti wa watu, tumbo lilikuwa limeshaisukuma fulana ya kampuni mpaka kitovu kikachungulia. Miguu yake ilikuwa imevimba hata akavaa kandambili za mumewe. Naye alijibu "tumeelewana", akashika ncha za shuka.

"Hivi mama," Mama Kijacho alinong'ona baada ya Kamera kutoka, "wewe uliyestaafu na heshima zako, kilichokurudisha kwenye mateso haya ni nini?"

"Kona," Bi Kona alisema, wakakunja.

Si kwamba hakuwa na jibu. Majibu yalikuwa mengi mpaka yakabanana mdomoni.

Pensheni ilikuja, asiisingizie. Ilikuja kama manyunyu: unaona ardhi imelowa, ukichimba kwa kidole unakuta vumbi. Kila mafuta ya kupikia yalipopanda, mkate nao ukapungua ukubwa bila kupungua bei, maji ya dumu yakafuata, na pensheni ikabaki imesimama palepale kama mtu aliyeachwa na gari. Hilo lilikuwa jibu moja.

Jibu la pili lilikuwa maneno mawili: "Yupo tu." Aliyasikia wiki ya kwanza tu ya kustaafu. Nani atamsubiri fundi wa bomba? Bibi yupo tu. Nani atakwenda kupanga foleni ya maji? Bibi yupo tu. Jirani anaacha mtoto wake mgonjwa, shemeji anaacha mizigo, mwenye duka anaacha ujumbe; bibi si yupo tu? Mtu aliyezoea kusubiriwa na wodi nzima, ambaye asipofika asubuhi mgonjwa analala kwenye godoro tupu, akawa sawa na ndoano ya kutundikia makoti. Na kazi zote hizo hazikuwa na siku ya kupumzika wala mtu wa kusema asante, kwa kuwa hazikuitwa kazi.

Jibu la tatu ndilo lililomchoma kuliko yote, nalo lilihusu kiti.

Siku ya kumuaga, hospitali ilimpa kiti. Si kiti cha mchezo. Kiti cha mbao nzito, mikono mipana ya kuwekea kikombe, mito ya kitambaa chekundu, kimefunikwa nailoni kuanzia juu hadi chini. Mgongoni walikigongelea kibati cha shaba, nacho kimeandikwa: UMESIMAMA VYA KUTOSHA, MAMA YETU. SASA KAA. Katibu aliyasoma maneno hayo kwa kipaza sauti, akamshika mkono, akamkalisha mbele ya watu wote. Nailoni ikalia chini yake. Wakapiga picha.

Hakukikalia tena. Kilipofika nyumbani, kwenye vyumba viwili alivyopanga mwanawe, mkwewe alikizunguka kwa mshangao kama aliyeletewa gari.

"Mama, nailoni tusiitoe," alisema. "Tukiitoa, watoto watakimaliza mwezi huuhuu. Kikae cha wageni."

Nani hajui hoja ya aina hiyo? Kila nyumba ina sahani za wageni, shuka la wageni. Bi Kona akakubali, akaendelea kukalia ukingo wa kitanda. Na mgeni aliyekuja mara kwa mara, aliyekalia kiti kile mpaka nailoni ikaanza kuchukua umbo lake, alikuwa mwenye nyumba. Alikuja, akapewa kiti, akaletewa maji, akaweka mikono juu ya ile mikono mipana, akatangaza kwamba kodi imepanda. Akaja tena baada ya muda, akakaa palepale, akaipandisha tena.

"Hiki kiti kitamu," alisema siku hiyo. "Mlikipata wapi?"

Bi Kona alikuwa amesimama mlangoni, kikombe tupu mkononi. Mwanawe, fundi rangi asiyekuwa na nyumba ya kupaka tangu mvua zianze, alikuwa akiangalia sakafu. Asubuhi iliyofuata Bi Kona alikwenda kupanga foleni kwenye lango la kampuni.

Mzee Mvuke aliingia na toroli la mashuka machafu, akalisukuma mpaka kwenye mlango wa chumba cha kufulia. Miaka yote alikuwa mtu wa boila. Mvuke wote wa hospitali ulipita mikononi mwake. Yeye na Bi Kona waliagwa siku moja, wakarudi msimu mmoja. Boila sasa ilikuwa na mtu wa kampuni, na Mzee Mvuke alipewa toroli.

"Dada yangu, umeamkaje?"

"Nimeamka nimesimama, nashinda nimesimama. Za kwako?"

"Mimi bora hata kazini. Mwanamume akishinda nyumbani mchana, hata kuku wanamshangaa." Akacheka, akakohoa, akafuta jasho kwa mkono. "Wewe walikupa kiti. Mimi walinipa saa ya ukutani, niwe naangalia maisha yanavyopita. Betri ikaisha hata wiki haijapita."

"Si ununue betri?"

"Ninunue betri niache mkate? Ibaki ikidanganya." Akainama kupakua toroli. Alipoinuka alishika ukuta, macho ameyafumba.

"Mzee, vipi?"

"Kizunguzungu tu. Kinapita." Akayafumbua. "Usimwambie mpiga picha."

Wageni walifika jua lilipokuwa limepanda vizuri. Walikuwa kundi dogo la watu wasafi, wamevalishwa makoti meupe juu ya nguo za maana, na mbele yao Katibu wa hospitali akitembea kinyumenyume ili awaonyeshe. Kamera alikuwa nyuma, simu juu.

"Na hapa ndipo roho ya usafi wetu," Katibu alisema. "Huyu ni Bi Kona. Maarufu sana. Tulimuaga mwaka jana kwa sherehe kubwa, na angalieni, yupo!"

Mama mmoja kati ya wageni, mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alisogea karibu. Alionekana anataka kujua kweli.

"Mama, kwa nini ulirudi kazini?"

Bi Kona akafungua mdomo. Lilikuwa swali lilelile la Mama Kijacho, ila safari hii lilitoka kwa mtu ambaye pengine angeweza kulipeleka mahali. Alitaka aanzie kwenye kodi. Au kwenye mabenchi. Ndiyo, mabenchi, kwa kuwa zamani yalikaa hapohapo, nyuma ya aliposimama yule mama.

"Mapenzi ya kazi," Katibu akajibu kwa niaba yake, amemwekea mkono begani. "Hawa wazee wetu ni hazina. Unawaaga leo, kesho moyo unawarudisha. Hawawezi kukaa! Ukiwaambia wakae, wanaugua."

Wageni wakacheka kwa upole. Mmoja akapiga makofi mawili matatu, wengine wakamfuata. Yule mama wa miwani akamwangalia Bi Kona kwa muda mfupi, akaandika kitu, wakapita. Bi Kona akabaki na mdomo nusu wazi, mkononi foronya. Katika maisha yake watu walikuwa wamemnyima vitu vingi. Lakini kunyang'anywa jibu lake mwenyewe, likiwa limefika kwenye ulimi, na kupigiwa makofi juu yake! Hasira ilimpanda taratibu kutoka miguuni, ikiyapitia magoti yale.

Hawakuwa wamefika hata mwisho wa ukumbi Kamera aliporudi mbio, uso umemwiva.

"Nani huyu? Nani huyu, nawauliza!"

Aliwaonyesha simu. Kwenye picha, nyuma ya mlango wa chumba cha kufulia, Mzee Mvuke alikuwa amekaa juu ya gunia la mashuka machafu. Kiatu kimoja amekivua. Kichwa kimeegemea ukutani, mdomo wazi kama mtoto aliyepitiwa na usingizi kabla ya chakula.

"Anaumwa," Bi Kona alisema. "Alikuwa na kizunguzungu tangu asubuhi."

"Akiumwa aende hospitali!"

Hakuna aliyecheka, ingawa wote walikuwa ndani ya hospitali.

Mzee Mvuke mwenyewe alitokea mlangoni, kiatu mkononi. Hakujitetea. Mtu wa umri wake anajua wakati ambapo maneno yamekwisha bei.

"Shikamoo, mzee," Kamera alisema. "Rudisha fulana."

"Sasa hivi?"

"Ni mali ya kampuni. Hata nikikuacha mpaka jioni, ofisi imeshaona picha. Mimi nifanyeje? Na mimi nina bosi."

Mzee Mvuke akaweka kiatu chini. Akaivua fulana ya kampuni palepale, mbele ya wanawake aliowazidi umri wote isipokuwa mmoja. Ndani alikuwa amevaa singlendi iliyotoboka mpaka ubavuni. Mbavu zilihesabika. Wanawake wakageuza nyuso, si kwa kuchukizwa bali kumpa nafasi, na Mama Kijacho akaanza kulia bila sauti. Bi Kona akautoa mtandio wake kichwani, akamtupia mabegani.

"Utaurudisha siku nyingine, kaka."

"Nitaurudisha," alisema, lakini hakumtazama. Akavaa kiatu chake akiwa amesimama kwa mguu mmoja, anayumba, kwa kuwa hata hapo hakuthubutu kukaa. Akaondoka.

Toroli lilibaki katikati ya chumba. Kamera akalipiga picha.

Bi Kona alikunja mashuka mpaka jioni bila kuita kona. Mama Kijacho alilazimika kukisia mwenyewe ni wakati gani wa kushika ncha.

Nyumbani alikuta taa haijawashwa, wanabana umeme. Wajukuu walikuwa sakafuni wanaandika kazi za shule kwa mwanga wa mlangoni. Mkwewe alikuwa akirudisha kwenye furushi nguo za mitumba ambazo hazikununuliwa. Kiti kilikuwa mahali pake ukutani, kimetulia, kinang'aa ndani ya nailoni kama maiti iliyoandaliwa vizuri.

"Mama, karibu. Pole na kazi," mkwewe alisema. "Mwenye nyumba alituma mtu. Anakuja Jumapili."

"Kufanya nini?"

"Kusalimia, alisema." Wote walijua salamu za mwenye nyumba zina uzito gani.

Bi Kona alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Kupitia mlango wa chumba alikiona kiti, nacho ni kama kilikuwa kikimwangalia. Alikumbuka mkono wa Katibu begani. Hawawezi kukaa! Alimkumbuka Mzee Mvuke akivaa kiatu kwa mguu mmoja. Na yeye alikuwa amesema nini? Anaumwa. Basi. Hilo tu, akayameza mengine kwa ajili ya kodi ambayo Jumapili ingepanda hata hivyo.

"Baba," alimwita mwanawe. Alimwita hivyo tangu utotoni, kwa kuwa alirithi jina la babu yake. "Kesho asubuhi una kazi?"

"Kazi ningeitoa wapi, mama?"

"Basi utanibebea kiti."

"Kiti gani?"

"Tuna viti vingapi?"

Mkwewe akaacha furushi. "Kiti unakipeleka wapi, mama? Unakiuza?"

"Nakwenda kukikalia."

Akawaeleza. Hakueleza kwa maneno mengi. Mwanawe alisikiliza huku akibandua ukoko wa rangi kwenye kucha, rangi ya zamani, ya kazi ya mwisho.

"Watakufukuza, unajua."

"Najua."

"Na kodi?"

"Kodi ilipanda nikiwa kazini, ikapanda nikiwa nyumbani. Haiulizi niko wapi." Akashusha sauti, kwa kuwa wajukuu walikuwa wameacha kuandika. "Mwanangu, sikatai kukusaidia. Nitatafuta kibarua kingine, hata cha kuosha vyombo. Lakini nikinyamaza kesho, nitakuwa nimewasaidia kusema lile neno. Kwamba tunarudi kwa mapenzi. Kwamba hatuwezi kukaa."

Mwanawe akakiendea kiti, akakiinua kidogo kupima uzito wake.

"Na mwenye nyumba akija Jumapili," mkwewe alisema, sauti imeanza kukata tamaa, "atakaa wapi?"

"Asimame."

Mkwewe alimtazama mama mkwe wake. Halafu kicheko kikamtoka, cha ghafla, akajiziba mdomo kwa nguo ya mtumba. Watoto nao wakacheka bila kujua sababu.

Asubuhi mwanawe alikibeba kiti kichwani, miguu ya kiti juu kama pembe. Watu njiani wakauliza nani anahama. Mlinzi wa lango la hospitali alikisoma kibati, akamsoma Bi Kona, akafungua lango bila kuuliza swali.

Walikiingiza kwa mlango wa matoroli. Bi Kona alikipanga mahali lilipokuwa benchi la zamani, chini kabisa ya ile karatasi. Mwanawe alisimama kidogo, hajui mikono aiweke wapi.

"Nikusubiri nje?"

"Nenda, baba. Mimi si mgonjwa."

Alipotoka, Bi Kona alishika nailoni pale ilipokunjwa nyuma ya kibati, akaivuta. Ilichanika kwa kelele iliyojaza chumba kizima. Aliuvua mkono wa kulia wa kiti, kisha wa kushoto, akaikusanya yote na kuitupa kwenye pipa la taka. Harufu ya mbao mpya ikatoka, kana kwamba kiti kilitoka kwa seremala jana. Akakaa.

Mto ulimpokea. Alivuta rundo la foronya mapajani, akaanza kukunja. Ilikuwa kazi nyepesi, mikono yake iliijua kuliko ilivyojua kulala, na foronya zilishuka moja baada ya nyingine. Wanawake walikuwa wamesimama wanamwangalia kama anayekaribia kuanguka kutoka juu ya paa.

"Mama," Mama Kijacho alisema. "Mama, anakuja."

Kamera aliingia, simu ikiwa juu tayari kwa mazoea. Akasimama. Kwa mara ya kwanza hakupiga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Simama, bibi."

"Piga picha kwanza. Lakini uzunguke nyuma, maandishi yaonekane."

"Bibi, usiniletee matatizo. Mimi nakuheshimu."

"Naona."

Alipiga simu badala ya picha. Alizungumza amewapa mgongo, "ndiyo bosi, hapana bosi, kiti kizima bosi". Katibu alifika akiwa hajamaliza kufunga vifungo vya koti. Alikiona kiti, akakitambua, na uso wake ukapita mahali pengi kwa haraka.

"Bi Kona. Mama yangu. Hiki ni kituko gani?"

"Ni kiti, Katibu. Mlinipa nyinyi."

"Tulikupa ukakikalie nyumbani."

"Nyumbani anakalia mwenye nyumba."

Wanawake wawili wakaangua kicheko, wakakirudisha ndani. Katibu akashusha sauti, akainama kana kwamba anazungumza na mgonjwa.

"Mama, unatudhalilisha. Sisi tulikupenda. Ukiwa na shida si ungekuja ofisini tuongee?"

"Jana nilikuwa na la kuongea. Mgeni wako aliniuliza kwa nini nimerudi, ukajibu wewe." Mikono yake haikuacha foronya. "Nilirudi kwa sababu pensheni mliyonipa hainilishi mpaka katikati ya mwezi. Nilirudi kwa sababu mlinistaafisha mimi bila kuistaafisha kazi. Ilibaki hapa inanisubiri, mkaiuza kwa kampuni, kampuni ikaniuzia mimi kwa nusu bei. Mzee Mvuke alirudi kwa sababu ana mtoto bado yuko shule. Jana alikaa kwa sababu alikuwa anaanguka, mkamvua nguo. Na huyu," akamwonyesha Mama Kijacho kwa kidevu, "anasimama na viumbe wawili juu ya miguu miwili, nani kakwambia anapenda? Ulisema hatuwezi kukaa. Tazama. Naweza. Sijaugua."

Mashine ya pasi ilikuwa ikitoa mvuke wake peke yake.

Katibu alijinyoosha. Kilichokuwa laini usoni mwake kikaondoka, na pengine hakikuwahi kuwapo.

"Utaratibu ni utaratibu," alisema. "Mimi na kampuni hatuwezi kubadilisha mkataba kwa sababu ya kiti. Mama, kazi yako imeishia leo. Rudisha fulana."

"Nilijua, nikaja nimevaa blauzi ndani." Akaivua fulana akiwa amekaa bado, akaikunja kona kwa kona, ikawa ndogo na sawasawa, akampa Kamera. Kamera akaipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa wake, na hakujua afanye nini nayo.

"Na kiti hiki kitolewe," Katibu alisema. "Nani atakitoa?"

Ghafla kila mmoja alikuwa ameshika ncha ya shuka. Mashuka yalinyooka chumba kizima, huyu na huyu, hakuna mkono mtupu.

Bi Kona alikunja foronya ya mwisho ya rundo lake, akaiweka juu ya zenzake. Akaweka viganja juu ya mikono mipana ya kiti, akajisukuma. Magoti yalilia, yakakubali. Akachukua mfuko wake.

"Kiti ni cha hospitali," alisema. "Mlikitoa hospitali, nimekirudisha hospitali. Mimi sikuwa na pa kukiweka."

Katibu alimpisha njia. Alipofika mlangoni aligeuka, si kuwatazama wakubwa, bali kumtazama mwenzake wa shuka, aliyebaki ameshika ncha mbili na ncha mbili zinaburuza sakafuni.

Mama Kijacho aliliachia shuka. Alishika tumbo lake kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine akapapasa nyuma akitafuta mkono wa kiti, kama mtu anayeingia kwenye maji asiyojua kina chake. Akakaa. Akazivua kandambili za mumewe, akavuta rundo la taulo mapajani.

Kamera aliinua simu. Ilibaki juu, hewani, muda mrefu.

"Kona," Mama Kijacho alisema, na kutoka upande wa pili wa chumba mwanamke mwingine akaitika.